KAZI ZA MIKONO: Pikipiki Inakula Mafuta, ao Kijana Anaiba?



Katika jamaa nyingi za Masisi na Walikale, pikipiki ndiyo shamba la pili: inalipa minervali ya watoto na dawa. Lakini inaleta pia ugomvi. Kijana anaomba feza ya mafuta ya motere katikati ya mwezi, mwenye pikipiki anajibu: "Uliyauzisha!" Mbele ya kuhukumu, tujifunze.

Motere ya pikipiki zetu nyingi inabeba karibu litri 1 tu. Mafuta kidogo yanaungua siku zote, hiyo si ajabu. Lakini robo litri ikipotea, ni robo ya yote! (Mashini ya kupasua mbao ni nyingine: pale mafuta yanachanganywa na esansi, yanaungua pamoja nayo.)

Pima hivi. Simamisha pikipiki wima mahali sawa, zima motere, ngoja dakika chache. Jaza mpaka alama ya juu. Kama kihesabu cha kilometa kimekufa, hesabu esansi: kila litri 20, pima tena, ongeza kwa chupa ndogo, na kuandika katika daftari. Kama kiasi kinapanda kila mara, motere inachakaa.

Tazama na moshi. Moshi wa bluu wakati wa kupanda mlima na mizigo: pengine segma zimeisha, mara nyingi kwa sababu filtre ya hewa ilipitisha mavumbi. Moshi wa bluu asubuhi tu, wakati wa kuwasha: mipira ya supapu. Moshi mweusi ni esansi nyingi. Hakuna moshi? Tafuta chini ya motere, pengine yanavuja.

Kuchagua je? Fuata kitabu cha pikipiki. Mara nyingi ni 20W-50 ao 20W-40. Namba ya kwanza ni ya baridi, ya pili ni uzito wa mafuta motere ikipata moto. Tafuta pia maandishi JASO MA, kwa sababu mafuta hayo hayo yanaingia katika ambriaji, na mafuta mengine ya motokari yanaifanya iteleze. Chupa iliyokwisha kufunguliwa, uiache. Na musidanganyike: mafuta mazito hayaponyeshi segma zilizokwisha.

Vijana, andikeni kila kitu. Wazazi, someni daftari kwanza, kisha ndipo museme. Kumwita mtoto mwizi ni rahisi. Kurudisha jina lake ni kazi kubwa kuliko kutengeneza motere.