Magari ya Ujerumani: Sifa ya jana, gharama ya leo

KAMPUNI ya BMW ilipotangaza mnamo Septemba 2024 kwamba magari yapatayo milioni 1.5 huenda yalikuwa na kasoro katika mfumo wa breki, hisa zake ziliporomoka siku iyo hiyo na makadirio yake ya faida ya mwaka yakapunguzwa. Breki zenyewe ziliundwa na Continental, kampuni nyingine ya Ujerumani iliyoasisiwa 1871, hivyo basi lawama hazingeweza kusukumwa ng'ambo. Tukio hilo lilifufua swali ambalo limeulizwa kwa takriban miongo mitatu: je, Wajerumani wangali wanastahili kuitwa mabingwa wa uhandisi wa magari?

Sifa hiyo haikuokotwa njiani. Carl Benz aliomba hataza ya gari lake la magurudumu matatu mnamo Januari 29, 1886, na injini ya dizeli ingali inabeba jina la Mjerumani mwenzake, Rudolf Diesel. Lakini kilichoijenga sifa yenyewe machoni pa watu wa kawaida ni udumifu. Mercedes-Benz ya muundo wa W123, iliyoundwa kati ya 1975 na 1986, iliuzwa kwa takriban magari milioni 2.7, na mengi yalihudumu kama teksi kuanzia Hamburg hadi Afrika Magharibi. Teksi moja ya Ugiriki, 240D ya 1976, ilitembea kilomita milioni 4.6 kabla ya kupewa pahali pa heshima katika makavazi ya kampuni hiyo. Huku Afrika Mashariki, gari la Mercedes-Benz lilizaa hata jina la tabaka, WaBenzi, ingawa waliobandikwa jina hilo hawakulitamani kwa sababu ya injini pekee.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa muda mrefu gari la Mjerumani lilijiuza lenyewe, na pengine hapo ndipo uzembe ulipoingia. Toyota ilipozindua Lexus LS 400 mnamo 1989, ilidhihirika kuwa gari la kifahari lingeweza kuwa tulivu, imara na la bei nafuu kwa wakati mmoja. Stuttgart ilijibu kwa kubana gharama na kuongeza vifaa vya elektroniki. Katika magari kadhaa ya Mercedes ya miaka ya 1990, ngozi ya nyaya za umeme ilipukutika kwa joto la injini, na baadaye kutu ikaanza kula milango ya magari ambayo hayajazeeka. Mnamo 2004 kampuni hiyo iliyaita magari 680,000 ili breki zake za elektroniki zikaguliwe. Mwaka uliofuata ikayaita mengine milioni 1.3.

Ingekuwa kosa kudhani kuwa wahandisi wa Ujerumani walisahau kazi. Kilichobadilika ni mtu wanayemuundia gari. Takriban thuluthi mbili ya magari mapya yanayosajiliwa Ujerumani husajiliwa kwa jina la biashara, na mengi hurudishwa baada ya miaka mitatu hivi ya kukodishwa. Mwenye gari wa kwanza hutaka mwendo mzuri, kiti kizuri na huduma chache za karakana. Ndiyo maana Volkswagen ilirefusha muda wa kubadilisha mafuta ya injini hadi kilomita 30,000, na BMW ikasema mafuta ya giaboksi hudumu maisha yote ya gari. Ajabu ni kwamba ZF, kampuni ya Friedrichshafen inayoiundia BMW giaboksi hizo, hupendekeza mafuta hayo yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Maisha ya nani, basi, yaliyokuwa yakipimwa? Katika injini ya dizeli ya BMW iitwayo N47, mnyororo unaoendesha vali uliwekwa upande wa nyuma, na ulipochakaa ikawa kazi ya kushusha injini nzima.

Kashfa ya Volkswagen ya Septemba 2015 ilikuwa ya aina nyingine kabisa. Takriban magari milioni 11 yalikuwa na programu iliyotambua kuwa gari linapimwa, ikapunguza sumu kwa muda wa kipimo tu. Barabarani, baadhi yalitoa oksaidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa Marekani. Ule haukuwa uhaba wa ujuzi. Ujuzi ulikuwepo tele, ukatumikishwa katika udanganyifu. Mkurugenzi mkuu Martin Winterkorn alijiuzulu siku chache baadaye, na gharama ya faini na fidia imepita euro bilioni 30.

Leo udhaifu umehamia kwenye tarakilishi za magari. Programu zilichelewesha ID.3 ya Volkswagen na Macan ya umeme ya Porsche, na mnamo 2023 Volkswagen ililazimika kununua hisa katika Xpeng ya Uchina ili kuunda magari pamoja nayo. Mwaka huo huo BYD iliipiku kwa mauzo nchini Uchina.

Hata hivyo, haki itendeke. Breki zisizofunga magurudumu na mfumo wa kuzuia gari kuteleza viliingia sokoni kwa magari ya Mercedes, mnamo 1978 na 1995 mtawalia, kwa ushirikiano na Bosch. Uthabiti wa gari la Mjerumani kwa mwendo wa kasi ni vigumu kuupinga. Lakini katika utafiti wa J.D. Power kuhusu magari ya miaka mitatu nchini Marekani, Lexus ndiyo iliyoongoza 2023, 2024 na 2025.

Suala hili linamgusa Mkenya moja kwa moja. Sheria huruhusu gari kuukuu kuingizwa nchini likiwa halijapita miaka minane, na wengi huliagiza likikaribia ukomo huo, udhamini wa kiwanda ukiwa umekwisha zamani. Kwa mnunuzi wa aina hiyo, nembo iliyo mbele ya gari haielezi mengi. Aombe rekodi za huduma. Iwapo hakuna stakabadhi inayoonyesha mafuta ya giaboksi yalibadilishwa lini, basi bei ya gari hilo ihesabiwe pamoja na bei ya giaboksi.