Emil Jannings na Uongo wa Msanii Asiye na Siasa

Kila msanii anapojitia katika utumishi wa dola katili, hatakosekana mtetezi wa kutuambia kwamba msanii ni msanii tu, siasa haimhusu. Anayetaka kuupima uzito wa hoja hiyo na amtazame Emil Jannings.

Alizaliwa mwaka 1884 mjini Rorschach, Uswisi, akakulia Ujerumani, akazunguka na vikundi vya maigizo hata akafika Deutsches Theater ya Berlin, chini ya Max Reinhardt. Katika filamu ya Der letzte Mann (1924) aliigiza bawabu wa hoteli anayevuliwa sare yake na kupelekwa kuhudumu chooni. Filamu haikuwa na sauti, lakini mgongo wake ulioinama ulisema yote. Mwaka 1929 akawa wa kwanza kupewa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora. Kipaji chake, basi, hakina ubishi, na ndicho kinachoizidisha lawama yake. Dola ya Hitler haikuwa na haja ya mwigizaji hafifu. Ilitaka uso ambao umma ulikwisha kuuamini.

Mwaka 1930 Jannings aliigiza katika Der blaue Engel pamoja na Kurt Gerron, Myahudi wa Berlin. Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933, Gerron alinyimwa kazi, akakimbilia ng'ambo, na hatimaye akakamatwa Uholanzi. Jannings alibaki, akapewa hadhi ya Mwigizaji wa Dola.

Mwaka 1941 akatokea kama Rais Kruger katika Ohm Krüger, filamu inayoonyesha makambi ambamo Waingereza waliwafungia wanawake na watoto wa Makaburu. Makambi hayo yalikuwepo kweli, na Waafrika nao walifungiwa katika makambi yao, wakafa kwa maelfu. Lakini kambi ya Dachau ilikuwa wazi tangu 1933. Uovu wa kweli wa adui ulitumiwa kuufunika uovu wa nyumbani. Propaganda ya namna hii ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu haihitaji kubuni kitu. Inachagua tu kipi kionyeshwe na kipi kifichwe.

Oktoba 1944 Gerron aliuawa Auschwitz. Baada ya vita, Jannings alidai kwamba Goebbels alimlazimisha. Hakurudi tena katika filamu, akafa mwaka 1950 nchini Austria.

Wapo watakaosema hakuwa na hiari. Conrad Veidt, mwigizaji wa rika lake aliyekuwa maarufu pia, hakuwa Myahudi. Lakini mke wake alikuwa na asili ya Kiyahudi, na mwaka huohuo wa 1933 waliondoka pamoja, akaanza upya Uingereza. Gharama ilikuwepo, lakini na mlango ulikuwepo.

Asiyejihusisha na siasa hukataa mambo mawili: lawama zake na zawadi zake. Jannings alipokea zawadi, akakana lawama. Hoja yake haikuzikwa naye. Huisikia kwa mtumishi wa umma asemaye kwamba anatekeleza maagizo tu, na kwa msomi anayeandika hotuba za wakubwa kisha akasema kalamu haina chama. Tunapowasikia, tuwaulize swali moja tu: je, na malipo nayo uliyakataa?