Sumu ya Bakteria na Neno "Wadudu"

Wako walimu wanaowaambia watoto kwamba kipindupindu huletwa na "wadudu" waliomo majini. Sisi twaona neno hilo lina hatari, hasa katika shule za Ujiji na za vijiji vilivyo kando ya Ziwa Tanganyika. Mtoto huchota maji, huyatazama yaking'aa, haoni mdudu, hunywa. Tukumbuke Kagunga, mwezi wa Mei 2015: maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walisongamana ufukoni wakingoja meli, na kipindupindu kikaua watu wapatao 30.

Twapendekeza wanachuo wawafundishe bakteria kama viumbe wenye maisha yao, wanaokula, kuzaana na kugombea mahali. Silaha yao kubwa ni sumu. Mnamo mwaka 1925 Mbelgiji André Gratia alionyesha kuwa aina moja ya bakteria wa utumbo hutoa kitu kinachoua jamaa zake wa karibu. Mtoaji mwenyewe hadhuriki, kwa kuwa hujitengenezea pia kinga ya sumu yake.

Bakteria wa kipindupindu ana silaha ya ajabu zaidi, iliyoelezwa na watafiti wa Harvard, Marekani, mwaka 2006. Ni mfano wa mshale uliofichwa mwilini mwake. Hufyatuka, humchoma jirani na kumtia sumu. Katika wanyama wa maabara imeonekana kwamba silaha hiyo humsaidia kuwaondoa bakteria wenyeji wa utumbo na kukaa mahali pao. (Sumu hii isichanganywe na ile inayomharisha binadamu. Hizo ni mbili mbalimbali, na vitabu vingi havisemi.)

Vifaa vya somo havina gharama. Chukua maziwa yaliyochemshwa na kupoa, yagawe katika vikombe viwili, kimoja ukitie kijiko cha maziwa mgando. Baada ya siku 2 watoto walinganishe harufu na sura, wala wasionje. Bakteria wa mgando hutoa asidi inayowazuia wengine, na baadhi yao hutoa nisini, sumu ya bakteria ambayo viwanda huitumia kuhifadhi jibini.

Mwanafunzi atauliza kama mgando basi huzuia kipindupindu. Mwalimu amjibu kuwa hautegemewi kwa kazi hiyo, kisha ampe swali la kwenda nalo nyumbani: maji ya kunywa yaliyomo mtungini mwao yalichemshwa lini, na nani?