Homa isiyopona: tuulize pia habari za ng'ombe

Kila asubuhi bidoni za maziwa zinaingia mjini juu ya pikipiki. Zile za Goma zinatoka Masisi, za Bukavu zinatoka Kabare na Walungu, za Uvira zinatoka bonde la Ruzizi. Maziwa hayo ni chakula cha watoto, ni minervali ya mtoto wa mfugaji, ni biashara ya mama anayeuza mashanza sokoni. Lakini mara nyingine bidoni hizo zinabeba pia ugonjwa ambao wengi wetu hatujui hata jina lake: bruselozi.

Ni ugonjwa wa mikrobi unaoshika ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, kisha unapita kwa mtu. Kwa ng'ombe alama kubwa ni kutupa mimba, mara nyingi katika miezi ya mwisho. Kwa mtu unaleta homa inayokwenda na kurudi, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, na uchovu usioisha. Mwanaume anaweza kuvimba korodani, mwanamke anaweza kupoteza mimba. Hauui wengi, lakini unaweza kumlaza mtu miezi mizima, na kwetu mtu asiyelima ni nyumba isiyokula.

Mjomba wangu, mwenye ng'ombe wanne, alipitia njia hiyo. Kituo cha kwanza kilisema maralia, akanywa dawa. Homa ikarudi. Kituo cha pili kikasema tifoidi, akanywa zingine. Karibu miezi minne ilipita, ng'ombe mmoja akauzwa kulipa dawa ambazo hazikuwa na kazi, mpaka muganga mmoja alipomuuliza swali dogo: "Nyumbani kwako kuna mifugo?" Swali hilo halina bei. Kwa nini lilichukua miezi minne?

Asiwepo wa kudhani kwamba ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Kule Moshi, kaskazini ya Tanzania, watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa hospitalini kwa ajili ya homa kati ya mwaka 2007 na 2008. Zaidi ya nusu waliandikiwa maralia. Vipimo vilipofanywa vizuri, waliokuwa na maralia kweli walikuwa 14. Kati ya waliobaki, si wachache walikuwa na magonjwa yanayotoka kwa wanyama, na bruselozi ilikuwa kati yake. Huko ni mji wenye hospitali kubwa. Je, kwenye milima yetu, ambako muganga ana kipimo cha maralia na pengine cha tifoidi basi?

Sisemi maralia haipo. Inaua watoto wetu, na ipimwe kwanza. Lakini kipimo kikisema hakuna, tusiandike maralia kwa sababu tu hatuna jina lingine. Kuna kipimo kinachoitwa Roze Bengali: tone la maji ya damu (seramu), tone la dawa, na jibu linapatikana kwa dakika chache. Ni cha bei ndogo, na kinatumika kwa ng'ombe na kwa mtu pia. Hakitoshi peke yake kwa mtu anayeishi na mifugo miaka yote, lakini kinamfungua muganga macho. Kila kituo cha afya katika maeneo ya wafugaji kinapaswa kuwa nacho. Na dawa zipo: antibiotiki mbili kwa pamoja, kwa kawaida wiki sita, kwa maagizo ya muganga. Anayeacha katikati kwa sababu homa imeshuka, anaweza kuugua tena.

Shida ya pili iko malishoni. Mfugaji ambaye ng'ombe wake ametupa mimba anaambiwa: toa habari. Akitoa, anapata nini? Hakuna anayemlipa akichinjiwa mnyama. Basi anampeleka sokoni, na ugonjwa unahamia zizi lingine. Vita nayo inafanya kazi hiyo hiyo: mifugo inaporwa, inakimbizwa, inachanganywa bila yeyote kuuliza inatoka wapi. Kumlaumu mfugaji ni rahisi. Kumpa chanjo ya ndama wake jike kwa bei anayoweza ndiyo kazi ya serikali na ya wale wote wanaosema wanasaidia Mashariki. Chanjo ya ng'ombe ipo tangu zamani. Ya watu haijapatikana. Kwa hiyo kumkinga mtu kunaanzia zizini.

Shida ya tatu ni utafiti wenyewe. Tunao vijana wanaosomea udaktari wa wanyama Butembo, katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, na kule Lubumbashi. Vipimo vya damu vimekwisha kuonyesha kwamba ugonjwa huu uko kwa ng'ombe wa Kivu. Lakini mfugaji aliyeshika pembe ng'ombe akitolewa damu, nani anarudi kumwambia jibu? Na muganga wa watu, nani anamjulisha kwamba kijiji fulani kina mifugo yenye ugonjwa? Wa afya wana wizara yao, wa mifugo wana yao, na makaratasi yao hayakutani. Angalau kila mwezi, kwenye zone de santé, waganga hao wawili wakae meza moja.

Watu watasema mababu walikunywa maziwa mabichi na wakaishi. Waliishi, ndiyo, lakini ni wangapi walioinama mgongo wakiitwa wamerogwa? Tusiuache pia ugonjwa huu kuwa neno la kutukania kabila lolote. Mikrobi haiulizi lugha ya nyumbani. Inamshika mwenye ng'ombe, anayemchinja, na mnunuzi wa mjini asiyekuwa hata na kuku.

Wakati tunangojea serikali, kuna mambo mawili yaliyo mikononi mwetu. Tuchemshe maziwa kabla ya kuyanywa, na kabla ya kuyagandisha, maana uchachu hauui mikrobi hiyo kwa hakika. Na mimba iliyotupwa isishikwe kwa mikono mitupu wala kutupiwa mbwa, ifukiwe mbali. Halafu homa ikirudi mara ya pili, usingoje muganga akuulize. Mwambie mwenyewe: nyumbani kwangu kuna ng'ombe.