Saumu na Maradhi ya Saratani



Baada ya sala ya Alasiri alinijia madrasani hapa Kwa Mrombo mzazi mmoja, uso wake umejaa huzuni. Akasema: "Ustadhi, mke wangu ana saratani ya titi. Daktari amempangia dawa, lakini nimeambiwa kuwa mwili wenye njaa huyala maradhi yake, na kwamba Mjapani mmoja alipewa tuzo kwa kuligundua hilo. Je, si afadhali afunge siku arubaini, na dawa aziache?"

Nimeona vyema jawabu lake niliandike hapa, kwani maneno hayo yameenea majumbani.

Kwanza yafaa tujue lililo kweli. Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa seli, ndogo mno kuonekana kwa macho matupu. Kila seli huzifunga sehemu zake zilizochakaa ndani ya kifuko, ikazisaga na kuzitumia tena. Mfano wa fundi abomoaye ukuta mbovu, akajengea matofali yaleyale. Wataalamu huliita jambo hilo otofaji, yaani kujila. Mjapani huyo, Yoshinori Ohsumi, aliichungua hamira iliyonyimwa chakula, akaeleza namna kujila huko kunavyotendeka, na mwaka 2016 akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Hakupewa kwa kuponya saratani, wala hakuwafungisha wagonjwa. Alianza kwa hamira, jamaa ya ile tutiayo katika unga wa maandazi.

Pili, tujue kuwa kujila siko kufa. Seli ina kifo chake kilichopangwa. Mtoto akiwa tumboni mwa mamake, vidole vyake huwa vimeshikana. Kisha seli zilizo baina yake hufa, navyo vikaachana. Tangu mwaka 1972 kifo hicho huitwa apoptosisi. Seli ya saratani hukikwepa, ikaendelea kuzaana, na dawa nyingi za saratani kazi yake ni kuilazimisha ife. Jirani zetu wa Uganda waliyaona matunda ya dawa hizo zamani. Denis Burkitt, daktari wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya za watoto. Na baadaye, walipotiwa dawa, uvimbe wa wengi uliyeyuka, na baadhi yao wakapona kabisa.

Hatari i hapa. Mwaka 1999 Beth Levine na wenziwe walionyesha katika panya kuwa kujila kwaweza kuuzuia uvimbe usikue. Lakini utafiti uliofuata ukafunua upande wa pili: uvimbe ukishakomaa, seli zake zikipata njaa au zikipigwa na dawa, nazo huokoka kwa kujila. Kwa hiyo madaktari wengine wamejaribu kukuzuia kwa haidroksiklorokwini, ndugu ya klorokwini tuliyokuwa tukiimeza kwa malaria. Na hilo nalo halijawa tiba ya kawaida ya saratani. Basi tazama, ndugu msomaji: jambo alilotaka mzazi yule kulizidisha ndilo wengine watafutalo kulizuia!

Saumu ni ibada. Twafunga kwa kutaka radhi za Mola wetu. Katika Sura ya Al-Baqara, Aya ya 184, mgonjwa amepewa rukhsa ya kufungua, akalipa siku nyingine. Mgonjwa wa saratani mara nyingi hukonda, na kumnyima chakula bila ya shauri la daktari wake ni kumwongezea udhaifu. Mtume wetu (s.a.w.) naye ametufundisha kujitibu.

Nilipokwisha kumweleza hayo, mzazi yule alinyamaza kitambo, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Ustadhi, kufunga hakuna nauli." Hapo nikatambua kuwa hakupungukiwa na ilimu tu. Safari ya Moshi kufuata dawa, kwenda na kurudi, ilikuwa imemshinda. Jioni ile majirani tulichanga, na siku iliyopangwa mkewe akaenda.

Basi ukisikia jirani yako ameacha dawa, usikimbilie kumlaumu kwa ujinga. Muulize kwanza kama ana nauli.