Haramia akipenda, kosa liko wapi?

Leo siandiki nikiwa hosteli, niko zangu nyumbani Saza kwa likizo. Umeme ukiwepo naandika, ukikatika nangoja. Nina hoja moja tu: kwa nini hadithi ya maharamia yenye mapenzi ndani yake ionekane takataka shuleni?

Kisa chenyewe ni hiki. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu. Kaandika hadithi ndefu kwenye daftari, ya nahodha wa kike anayeongoza jahazi la maharamia Ziwa Rukwa. Rukwa hili hili letu la mamba! Jahazi linaongea usiku, mamba mwenye jicho moja analinda dhahabu, halafu kuna kijana wa kundi la maadui anatekwa, na siku ya pili tu keshampenda nahodha. Anajieleza weee, nahodha anamwambia: nimekusikia, sasa chukua ndoo uoshe sitaha. Nilicheka mpaka mama akaja kuuliza kuna nini. Hapo nasoma nakala ya rafiki yake, imeishia katikati, maana daftari lenyewe lilizunguka darasa zima likaishia mikononi mwa mwalimu mmoja. Mdogo wangu akaambiwa badala yake aandike insha ya madhara ya mapenzi shuleni.

Hofu ya mwalimu naielewa. Hapa ni machimboni. Tangu mgodi wa New Saza wa enzi za mkoloni, dhahabu inavuta watu, na mwenye hela ya duarani akimwona binti wa shule hana subira. Mzazi akisikia neno mapenzi anaona mimba. Sawa. Ila insha ya madhara watoto wanaiandika tangu shule ya msingi, wanaijua kwa kichwa kama sala.

Na kinachonishangaza zaidi, kwa miaka mingi shule zetu zimesomesha Kilio Chetu, tamthiliya ambayo kilio chake chote ni kwamba wakubwa hawataki kuongea na vijana, vijana wanaangamia na UKIMWI na mimba. Unafundishaje hiyo asubuhi, halafu mchana unanyang'anya daftari la binti anayejaribu kuongea? Vitabu vya kiada sivipingi, Takadini naipenda sana. Lakini ukivisoma mfululizo, hicho na Watoto wa Mama N'tilie na vingine, unaanza kuona kusoma ni kama kwenda msibani. Kucheka nako ni fasihi jamani.

Wengine watasema maharamia ni mambo ya Wazungu. Wapi! Kisiwa Chenye Hazina kimo katika Kiswahili tangu miaka ya 1920, kazi ya Frederick Johnson, kwa hiyo mabibi na mababu zetu waliweza kumsoma haramia wa mguu mmoja kabla hatujazaliwa. Na pwani yetu ina wa kwake. Kuna Ali Bey, Mturuki, alikuja na meli moja tu mwaka 1586 hivi, miji kadhaa ikampokea kwa kuwachoka Wareno. Akarudi na meli tano, na mwaka 1589 akabanwa Mombasa, baharini Wareno, bara Wazimba. Akaona bora Wareno! Wakampeleka Lisbon. Hiyo mtu akiongeza jini mmoja na binti wa Kimvita ana riwaya tayari.

Sasa kuna pingamizi moja ambalo nalipa uzito. Haramia wa kweli hachekeshi. Mwaka 2008 maharamia wa Kisomali waliteka Faina, meli iliyokuwa inakuja Mombasa na vifaru 33, mabaharia wakashikiliwa miezi. Rudi nyuma zaidi: Mwingereza Henry Every alipita Nzwani kule Komoro mwaka 1695, na mwaka huo huo akateka meli ya Kihindi iliyotoka na mahujaji wa Makka. Wanawake waliokuwemo walibakwa. Baadaye London wakatunga kwamba alimwoa binti wa mfalme wakapendana. Yaani ubakaji ukageuzwa harusi. Hapo ndipo penzi la maharamia linaponitia kichefuchefu, na mwalimu angesema hilo ningemuunga mkono mia kwa mia.

Lakini angalia alichofanya binti wa Saza, ambaye habari za Every hajawahi kuzisikia. Usukani uko kwa msichana. Aliyetekwa ni mvulana, naye anaombwa kazi, haguswi. Na mwenye dhahabu hapo ni nahodha, kwa hiyo hakuna wa kumhonga. Kwa mji wenye mashimo ya dhahabu kila upande, mtoto kafikiri hayo peke yake, tena kwa utani! Insha gani ya madhara ingemfikisha hapo?

Ushauri wangu kwa mwalimu, kwa heshima zote: lirudishe daftari, msome sura moja darasani, uulize kwa nini nahodha hakumjibu kijana siku ile ile. Hicho ni kipindi kizima, wavulana watabisha mpaka kengele. Mimi nikipangiwa mazoezi ya kufundisha ndivyo nitakavyofanya, na wakiniuliza kama mwishoni alimkubali, nitawaambia waandike wenyewe.