Kumfuata Mtoto si Kumwacha Mtoto



Miongoni mwa Waislamu wakaao Marekani na Uingereza wako wazazi wanaowasomesha watoto wao nyumbani, wasiwapeleke skuli kabisa. Baadhi yao huifanya nyumba kuwa skuli ndogo, yenye ratiba, vitabu vya darasa na mitihani. Wengine hufuata njia ya pili, nayo ndiyo tutakayoizungumza mwezi huu: mtoto hapangiwi saa ya hesabu wala saa ya jiografia, bali huachwa ajifunze kwa kulifuata lile ambalo moyo wake unalitamani. Habari hii imefika hata kwetu. Wako walioisikia wakaisifu mno, na wako walioisikia wakaicheka. Sisi twaona kuwa jambo halistahili kusifiwa kabla ya kupimwa, wala kuchekwa kabla ya kujulikana.

Aliyeitangaza sana njia hii ni mwalimu wa Kimarekani, John Holt, aliyezaliwa 1923 akafa 1985. Alifundisha watoto wadogo kwa miaka kadhaa, na mwaka 1964 alitoa kitabu juu ya sababu zinazowafanya watoto washindwe. Aliyoyaona darasani ni kwamba watoto wengi hawashughulikii kuelewa. Hushughulikia kumpa mwalimu jibu analolitaka, ili waepukane na aibu. Khofu ikiingia, akili hufunga mlango. Mwanzo alitaka skuli zirekebishwe. Baadaye alikata tamaa na marekebisho hayo, na mwaka 1977 akaanzisha gazeti la wazazi wanaosomesha watoto wao nje ya skuli.

Je, maneno haya ni mageni kwa Waislamu? La, si mageni yote. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha Ihya ameusia kwamba mtoto akitoka chuoni aruhusiwe kucheza mchezo mwema, kwani kumzuilia mchezo na kumlemeza kwa masomo daima huufisha moyo wake na kuufifiza werevu wake. Ibn Khaldun naye, aliyefariki 1406, ameonya katika Muqaddima kwamba mwanafunzi anayelelewa kwa ukali na kutenzwa nguvu huondokewa na uchangamfu, akazoea uvivu na uwongo, kwa kuwa huonyesha nje yale yasiyokuwa ndani ya moyo wake. Na kabla ya wote hao tunayo mwenendo wa Mtume (s.a.w.), ambaye alikuwa akimuuliza Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas, habari za kijindege chake. Mtu mwenye mzigo wa umma wote juu ya mabega yake alipata nafasi ya kulijua jambo linalomshughulisha mtoto mmoja.

Hata vyuo vyetu vya Qur'ani vya pwani vilikuwa na jambo hili ndani yake. Kila mtoto alikuwa na mahali pake katika juzuu. Hakuhamishwa mbele kwa kuwa mwenzake amehama, wala hakuzuiwa kwa kuwa mwenzake amechelewa, na mkubwa alimsomesha mdogo. Bakora ilikuwako, nayo hatuisifu. Lakini kule kumpima kila mtoto kwa kadiri yake kulikuwa hekima.

Basi tukubali kwamba hamu ni farasi mwenye nguvu. Suali lililobaki ni hili: nani ashike hatamu?

Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walitangaza majibu ya jamaa 232 wanaofuata njia hii ya kumwachia mtoto hamu yake. Wengi wao walisema kwamba watoto wao wana furaha na wanapenda kujifunza, na kwamba nyumba zao zimepata mapenzi zaidi. Ni habari njema. Lakini waliojibu ni waliojitokeza wenyewe kujibu, na wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Miaka miwili kabla yake, yaani 2011, ulitangazwa uchunguzi wa Kanada uliowapima watoto wenyewe, wenye umri wa miaka 5 hadi 10. Walikuwa 37 wasomao nyumbani na 37 wasomao skuli. Wale wa nyumbani waliosomeshwa kwa mpango waliwashinda watoto wa skuli. Wale 12 waliokuwa wakisoma pasina mpango walikuwa nyuma ya makundi yote mawili. Watoto 12 ni wachache, na haifai kuwahukumia maelfu kwa hao. Lakini mzazi mwenye busara hapuuzi ishara kama hii.

Sisi twaona kwamba kosa la wengi ni kuchanganya mambo mawili: kumfuata mtoto na kumwacha mtoto. Anayemwacha mtoto hupumzika. Anayemfuata mtoto huchoka zaidi kuliko mwalimu wa skuli, kwa sababu mwalimu anajua leo atafundisha nini, naye mzazi huyu hajui mpaka mtoto afumbue kinywa.

Natupige mfano. Mtoto wa miaka minane anapenda njiwa. Mzazi aliyemwacha mtoto atasema, "Hewallah, acheze na njiwa wake," kisha ashike simu yake. Mzazi anayemfuata mtoto atamletea daftari. Njiwa ametaga mayai mawili, andika tarehe. Dume na jike wanayalalia kwa zamu. Tazama nani yuko kiotani asubuhi, nani adhuhuri, uandike. Makinda hutoka baada ya siku kama 18. Hesabu katika kalenda itakuwa siku gani. Kibaba kimoja cha mtama kimetosha siku ngapi? Njiwa wakizidi mara mbili, kwa mwezi utahitaji vibaba vingapi, na fedha gani? Kisha kitafutwe kitabu kinachosimulia habari za ndege. Mwezi huu mzazi asome na mtoto asikilize, mwezi ujao mtoto asome na mzazi asikilize. Mtoto huyo amesoma, ameandika, amefanya hesabu, na amejifunza kuwahurumia viumbe wa Mwenyezi Mungu. Naye anadhani alikuwa akicheza. Lakini nyuma ya mchezo ule yupo mtu mzima aliyekaa macho.

Pamoja na hayo, yako mambo matatu ambayo kwa rai yetu hayangoji hamu. La kwanza ni dini. Mtume (s.a.w.) ametuagiza tuwaamrishe watoto wetu sala wafikapo miaka saba, hakusema tungoje mpaka waitamani. Tutaifundisha kwa upole na kwa kuisali mbele yao, lakini tutaifundisha. La pili ni kusoma na kuandika. La tatu ni hesabu. Hizi mbili ni funguo, na asiyekuwa na ufunguo hawezi kuufungua mlango hata akiutamani namna gani. Watetezi wa njia hii husema kwamba mtoto atasoma siku yake ikifika, na ni kweli kwamba watoto hawafanani: mmoja husoma ana miaka mitano, mwengine ana saba. Lakini mtoto akikaribia miaka tisa naye bado anababaika na herufi, mzazi asijifariji kwa neno "uhuru". Huenda macho yake ni mabovu, au masikio, au ana uzito wa kusoma ambao una wataalamu wake. Kila mwaka unaopita bila ya kuchunguza ni mwaka aliodhulumiwa mtoto huyo, naye hakuwa na ulimi wa kulalamika.

Na hapa pana neno kwa akina baba. Mara nyingi baba hukata shauri kwamba watoto watasomea nyumbani, kisha huvaa viatu vyake akatoka, na mzigo wote ukabaki kwa mama juu ya mapishi na mtoto wa kunyonya. Hiyo si haki. Aliyetoa shauri na atoe saa zake pia. Katika Sura ya 66, aya ya 6, Mwenyezi Mungu amewaamrisha walioamini wajikinge wao na watu wao, na amri hiyo haikushushwa kwa akina mama peke yao. Baba fundi na amchukue mwanawe kazini ampimishe mbao. Baba mwenye duka na ampe daftari la mauzo.

Yatupasa vile vile kuziangalia sheria za nchi, kwani hazifanani. Uingereza, sheria ya elimu ya 1944 na ile ya 1996 iliyoifuata zilimwachia mzazi ampe mtoto elimu inayomfaa, ama skuli ama kwa njia nyingine. Marekani, kufikia 1993 majimbo yote 50 yalikuwa yameliruhusu jambo hili, lakini kwa masharti mbalimbali: Pennsylvania hutaka siku 180 za masomo kwa mwaka, au saa zinazolingana nazo, na jalada la kazi za mtoto likaguliwe, New Jersey haimtaki mzazi hata atoe taarifa. Ujerumani hairuhusu ila kwa udhuru wa nadra. Kwetu, sheria ya Tanzania ya 1978 na ya Kenya ya 2013 zimemwajibisha mzazi kumpeleka mtoto skuli. Basi msomaji wa Tanga au wa Mombasa asimtoe mwanawe skuli kwa ajili ya makala haya. Anazo jioni, anazo siku za mapumziko, anayo likizo, na katika saa hizo hakuna sheria inayomkataza kumuuliza mwanawe, "Leo unataka kujua nini?" kisha akae amsikilize mpaka mwisho.

Kwa yule aliyeko ughaibuni na ameazimia njia hii, nasaha yetu ni fupi. Kila Alkhamisi usiku, watoto wakisha kulala, wazazi wawili wakae na daftari, wajiulize mambo matatu: Wiki hii mtoto ameuliza nini? Tumemjibu nini au tumemwonyesha wapi pa kutafuta? Na ni kitu gani anakiweza leo ambacho wiki iliyopita hakukiweza? Daftari likijaa, wamshukuru Mwenyezi Mungu na waendelee. Kurasa zikiwa tupu mwezi hata mwezi, na wajue kuwa mtoto hafuatwi, ameachwa. Na skuli iliyo karibu nao, pamoja na upungufu wake wote, ni bora kwake kuliko nyumba ambayo hakuna amtazamaye.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu sisi na watoto wetu, na atuwafikishe kuitunza amana hii. Amin.